Uzoefu wangu: nimepakua mialoni ya Fontainebleau kutoka Met bila kulipa hata senti

Ni mwezi wa nne sasa natumia huduma ya picha huria za jumba la makumbusho la Metropolitan la New York, maarufu kama Met, na nimeona niwaandikie wapigapicha wenzangu kwa sababu imenisaidia kuliko kozi mbili nilizolipia. Wao wana kila aina ya picha, lakini mimi nilikwenda kutafuta mti mmoja tu: mwaloni.

Kazi yangu ni harusi na kipaimara hapa Moshi. Siku ambazo sina kazi naondoka na kamera kupiga miti. Tatizo langu lilikuwa moja, na lilinisumbua kwa miaka: mti ambao nikisimama chini yake napata kizunguzungu kwa ukubwa, ukifika kwenye picha unakuwa kichaka. Rafiki yangu mchoraji akaniambia, "Dada, katazame mialoni ya wale wachoraji wa msitu wa Fontainebleau, Ufaransa." Mwaloni nilikuwa naujua kwa jina, kutoka kwenye Biblia, mialoni ya Mamre alikopiga hema Abramu. Mti wenyewe sijawahi kuugusa.

Huduma yenyewe haina mlolongo. Unaingia kwenye tovuti, unaandika jina la msanii, unachagua zibaki picha zisizobanwa na haki miliki, unabofya kitufe cha kupakua. Hujisajili wala hutoi namba ya kadi. Walianza utaratibu huu Februari 2017 wakiwa na picha zaidi ya 375,000, na ruhusa yake ni pana mno: unaweza kuchapa, kufundishia, hata kuuza. Sehemu hiyo niliisoma mara mbili maana sikuamini. Faili ni nzito, kwa hiyo nangoja usiku bando liwe nafuu, na nafungulia kwenye kompyuta. Kwenye simu yangu uzuri wote unapotea.

Msitu wa Fontainebleau uko kusini-mashariki mwa Paris, kilomita zipatazo 60, na katikati ya karne ya 19 wachoraji walihamia vijiji vya pembeni mwake, Barbizon na Chailly, wakafuatwa na wapigapicha. Niliyeanza naye ni Claude Monet. Mwaka 1865, akiwa kijana wa miaka 24, alichora mwaloni mmoja uliokuwa ukiitwa mwaloni wa Bodmer, kwa jina la mchoraji Mswisi Karl Bodmer aliyekuwa ameshauchora na kuuonyesha Paris miaka kumi na mitano kabla yake. Nilivuta picha karibu mpaka shina likajaza kioo kizima. Pale hakuna jani hata moja lenye umbo la jani. Ni mipigo mifupi ya brashi, kijani juu ya manjano, na chini ardhi imetandikwa majani makavu ya rangi ya kutu, kwa kuwa majira ya majani kupukutika yalikuwa yameshaingia. Kilichonisimamisha ni kwamba kilele cha mti hakimo. Matawi yanatoka yanakwenda zao nje ya picha. Mimi miaka yote nilikuwa narudi nyuma, hatua kwa hatua, ili mti wote uingie, na kumbe nilikuwa naupunguza mwenyewe.

Kisha Gustave Le Gray. Huyu alisomea uchoraji kabla ya kushika kamera, na hapo Met kuna picha yake ya mwaloni na mawe, aliyoipiga Fontainebleau kati ya 1849 na 1852. Hakutumia kioo wala filamu. Negativu yake, yaani ile picha ya awali ambayo weusi na weupe vimegeuzana, ilikuwa karatasi, na picha ikachapwa juu ya karatasi nyingine iliyolowekwa maji ya chumvi na kupakwa dawa ya madini ya fedha. Yeye ndiye aliyebuni kuipaka negativu nta kabla ya kuitia dawa, jambo lililomwezesha kuziandaa nyumbani mapema na kuingia nazo msituni. Ukivuta karibu, kivuli chake si weusi mtupu. Kina chembechembe laini, kwa sababu mwanga ulipita katikati ya nyuzi za karatasi, na gome la mti linaonekana kama unaweza kulikwangua kwa ukucha. Baadaye maisha yalimpeleka Misri, akafundisha uchoraji Cairo na kufia huko 1884. Sikutegemea mtu wa mialoni ya Ufaransa awe amezikwa katika bara letu.

Yupo pia mpigapicha Eugène Cuvelier, aliyeoa binti wa mwenye nyumba ya wageni ya Barbizon walikokuwa wakilala wachoraji. Picha zake ni za kimya, njia na miti. Bado namsoma.

Lakini picha iliyotatua tatizo langu ni ya mchoraji Théodore Rousseau, msitu wakati wa baridi jua likizama. Aliianza yapata 1846 na alikuwa bado anairudia mpaka alipofariki 1867. Miaka ishirini! Aliiona kuwa kazi yake kubwa kuliko zote na hakukubali kuiuza. Ina upana wa mita 2.6, na kwenye kioo kidogo unaona tu matawi yaliyojikunja kama vidole vya mzee na wekundu wa jua nyuma yake. Niliikuza, nikaanza kuipekua kipande kwa kipande. Chini kabisa, wadogo kama siafu, nikawakuta wanawake wameinama chini ya mizigo ya kuni. Nilipowaona tu, msitu mzima ukapanda juu. Nikaurudisha udogo wa picha, nikawatafuta tena, na kila mara mialoni ilizidi kurefuka. Bibi yangu alibeba kuni hivyo hivyo kutoka mlimani, na sisi tuliomfuata nyuma tulikuwa tunaona miguu yake na miti, basi.

Rousseau hakuishia kuichora. Mwaka 1852 aliiandikia serikali kuiombea miti hiyo isikatwe, na mwaka 1861 hekta 1,097 za msitu zikatengwa kwa ajili ya wasanii. Hifadhi ya taifa ya Yellowstone ya Marekani ilikuja baadaye, 1872.

Sasa kuhusu kuchapa, maana wengi mtataka kutundika ukutani. Faili ya Rousseau niliipeleka kwa mchapaji mmoja mjini, ukubwa wa A2. Fundi akaitazama akasema, "Dada, hii imefifia, ngoja niikoleze kidogo." Nilikuwa na haraka, nikamwachia. Nilipoifuata jioni, jua lilikuwa limewaka vizuri, lakini wanawake wangu hawapo. Weusi wa ardhi umewameza wote. Niliumia sana, si kwa ajili ya hela peke yake. Mara ya pili nilikaa naye mezani, nikamwonyesha kwa kidole walipo, nikamwomba achape kwanza kipande kile tu, ukubwa wa kadi ya posta. Wakatokea. Ndipo tukachapa yote. Kwa hiyo ukipeleka picha ya namna hii usikubali ikolezwe bila kuona kipande cha majaribio cha sehemu yenye giza kuliko zote. Ya Monet haikusumbua, ilitoka vizuri mara ya kwanza.

Jumamosi iliyopita nilirudi kwenye mkuyu ulioko kando ya mto, ambao nimeupiga labda mara thelathini na kuufuta mara thelathini. Safari hii sikurudi nyuma. Nilisogea mpaka kilele kikatoka kwenye fremu, nikasubiri jua lishuke, nikakaa. Saa kumi na mbili kasoro akapita mama mmoja na ndoo kichwani. Nilimsalimia, nikamwomba ruhusa, akacheka, akasema, "Piga mwanangu, ila mimi sisimami, maji yatamwagika." Nikapiga tatu. Katika ile ya pili yuko chini kulia, mdogo, ndoo inang'aa, na mizizi ya mkuyu imempita kiuno.