Leseni ya kupika waragi Uganda: uzoefu wangu hapa Jinja

Imenichukua mwaka mmoja na miezi minne kupata vibali vya kiwanda kidogo cha waragi, pombe kali ya Uganda, hapa Jinja. Mwezi uliopita katoni za kwanza zimetoka getini zikiwa na stempu za ushuru. Nikipima safari nzima natoa nyota tatu kati ya tano, na nyingine mbili nimezipoteza kwa wakala.

Huyo wakala niliambiwa ana watu kila ofisi. Alichukua pesa, akaahidi leseni kwa miezi miwili. Mwezi wa tano nikaenda mwenyewe kuulizia, nikakuta hata barua ya maombi haijapelekwa. Pesa haikurudi. Tangu siku hiyo kila karatasi nimeipeleka kwa mkono wangu.

Kusajili kampuni URSB, ofisi ya usajili wa biashara, na kupata TIN, namba ya mlipakodi, ya URA, mamlaka ya mapato, ni kazi nyepesi, mengi yako mtandaoni. Kazi yenyewe iko kwenye mazingira na maabara.

Kwa NEMA, mamlaka ya mazingira, unahitaji mtaalamu aliyesajiliwa akuandikie ripoti ya athari kwa mazingira. Mimi napika kwa molasi, ule uji mweusi unaobaki kiwanda cha sukari, na mabaki yake ni maji meusi, ya moto, yenye asidi, yanayoua samaki yakifika mtoni. Mkaguzi alipokuja alichovya kijiti kwenye shimo langu la udongo lenye maji hayo, akakitazama kikitiririka, akaniuliza: "Mzee, mvua ikinyesha haya yanakwenda wapi?" Nikageuka kutazama mteremko. Chini kulikuwa na kisima cha jirani, na mbele yake Nile. Sikuwa na jibu. Nilijenga mabwawa ya zege, yakamaliza akiba yangu karibu yote, lakini alikuwa na haki.

UNBS, shirika la viwango, wanapima sampuli ndipo wakupe alama ya Q, ya ubora. Yangu ya kwanza ilikataliwa kwa sababu kilevi hakikulingana na lebo. Kosa letu, tulipima pombe ikiwa bado ya moto. Wanapima pia kama kuna methanoli, aina ya pombe yenye sumu, na hapo nawaunga mkono kwa moyo wote. Mwaka 2010 kule Kabale waragi wenye methanoli uliua makumi ya watu. Marehemu mama yangu alipika enguli, waragi wa kienyeji, kijijini, na kila mara alimwaga kikombe cha kwanza kilichotoka kwenye bomba, kile kinachonuka kama rangi ya kucha. Alituambia, "Hiki kinakula macho." Na sisi tunamwaga, kisha tunapeleka maabara, maana pua peke yake haiioni methanoli.

Sheria ya Enguli ya miaka ya 1960 ndiyo iliyotaka mpishi awe na leseni, na kina mama wengi wa wakati ule hawakuwahi kuipata. Leseni yangu nimeitundika mlangoni.

Mwisho ni URA tena: ushuru wa bidhaa, na stempu za kidijitali zilizoanza Novemba 2019. Hesabu bei ya stempu mapema, kila chupa inabandikwa yake. Vifuko vya plastiki vya kuuzia pombe sahau, vimepigwa marufuku tangu 2019; chupa ndogo kabisa ni mililita 200.

Na mtambo wa kupikia, ndugu zangu, msinunue kabla kiwanja hakijakaguliwa. Wangu ulikaa chini ya turubai miezi kumi na mmoja, shaba yote ikageuka kijani, tukaisugua kwa ndimu na chumvi siku tatu.