Pampu ya maziwa ya 60,000 na chumba chenye kitasa: miezi 4 yangu ya kukamulia ofisini

Wamama mnaokaribia kurudi kazini hii ni ya kwenu, na mabosi wenu wakiisoma nitafurahi zaidi. Nina miezi 4 natumia pampu ya umeme ya kukamulia maziwa, ile ndogo ya kuchaji inayokamua ziwa moja moja, nilinunua Kariakoo mtaa wa Kongo, kaka aliniambia 85,000 tukavutana mpaka 60,000. Kabla ya hapo nilikua na ile ya kubana kwa mkono ya 20,000. Pampu ni nzuri na nitaisema yote, ila wiki mbili za kwanza niliichukia kabisa na kosa halikua la pampu, lilikua la mahali nilipokua naitumia.

Nianze na yenyewe. Ukiichaji usiku ikajaa inakamua mara nne mpaka tano, kwahiyo siku nzima ya kazi inatosha hata umeme ukikatika. Mlio ipo nao, kama simu inayotetemeka juu ya meza, mtu wa chumba cha pili hasikii. Ina ngazi za kuvuta, anza ya chini kabisa maziwa yashuke ndo upandishe taratibu, mi siku ya kwanza niliwasha ya juu moja kwa moja ziwa likauma siku mbili. Dakika 15 mpaka 20 napata kama mililita 100 kila ziwa, ile ya mkono nilikua natumia dakika 40 na kiganja kinakufa ganzi. Ubaya wake ni kile kiraba cheupe kidogo cha ndani, mwezi wa pili kilichanika na pampu ikawa inaguna tu haivuti, nikarudi dukani spea hakuna, nimezunguka maduka kama sita ndo nikapata. Na kile kikombe cha kuweka kwenye ziwa kimekuja saizi moja tu, kama kinakubana usilazimishe, utavimba.

Sasa ofisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi siku 84 yenye malipo, au 100 kama kajifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12. Kliniki nako wanatuambia mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6, hata maji asipewe. Haya piga hesabu, inabaki miezi mitatu ambayo mtoto wangu yuko Chanika na dada wa nyumbani na mi niko Posta, kwenda tu na foleni ya Gongo la Mboto ni zaidi ya saa moja na nusu siku nzuri.

Nikawa nakamulia chooni. Nimesimama, chupa mkono mmoja, mkono mwingine nimeshikilia pampu isiguse ukuta, mtu anagonga mlango, na maziwa ukiwa na hofu hayashuki, wanaonyonyesha wanalijua hilo. Na nikiyapata nayaweka wapi? Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa kama masaa manne nje kama joto halizidi digrii 25, asa Dar mwezi wa pili hiyo digrii 25 unaipata wapi. Mara mbili nimefika nyumbani yameshaharibika nikamwaga kwenye sinki nikalia, maana ile ni kazi ya siku nzima na ni chakula cha mtoto.

Mtoto wangu wa kwanza nilimkatisha kunyonya ana miezi minne sababu ya hayo hayo. Kazini nilipokua kipindi kile (siitaji) nilirudi kutoka likizo nikakuta wateja wangu wote kapewa mtu mwingine, nikiuliza naambiwa we si ulikua umepumzika. Nimepumzika! Na sheria inasema mama akimaliza likizo anarudi kwa masharti yale yale aliyoyaacha. Sikujua kipindi hicho, nikanyamaza, mwisho nikaacha kazi.

Safari hii nilisoma kwanza. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 33, inasema mama anayenyonyesha aruhusiwe kunyonyesha muda wa kazi mpaka masaa mawili kwa siku. Nikakiprinti, nikamfata bosi saa 2 asubuhi watu hawajajaa. Ni mtu mzima, sote tunamuita mzee. Nikamwambia shikamoo mzee, nina jambo, nikampa karatasi. Akasoma mpaka mwisho akavua miwani akaniuliza, "Kwahiyo mwanangu siku zote hizi unakamulia wapi?" Nikamwambia chooni. Hakusema kitu muda kidogo, alafu akampigia mtu wa stoo.

Kile chumba kilikua cha mafaili ya zamani. Kikawekwa kitasa cha kufunga kwa ndani, pazia, kiti chenye mikono, meza ndogo, na soketi ilikuwepo. Sidhani ilifika laki mbili yote. Friji ni ile ile ya ofisi, tukapewa shelfu la juu lenye kopo letu la kufunika, na kwenye friji maziwa yanakaa mpaka siku nne. Masaa yangu mawili tukayagawa hivi: nusu saa saa 4 asubuhi, nusu saa saa 8 mchana, na saa moja natoka mapema saa 10 jioni badala ya 11, nabeba maziwa kwenye kibegi cha baridi chenye barafu. Kwa mtu wa Chanika kuambiwa nenda kanyonyeshe urudi ni kama hujaambiwa kitu, ndo maana mabosi naomba mkae na mama muulize anaishi wapi kabla hamjapanga.

Ila kilichonigusa zaidi sio chumba. Jumatatu kwenye kikao mzee aliwaambia wote kwamba yale masaa ni ya kazi, yapo kisheria, asiniulize mtu naenda wapi. Na kikao chenyewe kilikua saa 10 na nusu jioni kila wiki, kikahamishiwa saa 3 asubuhi. Kumbe hata kaka mmoja anayepitia watoto shule kilikua kinamtesa miaka yote na hajawahi kusema. Na wateja wangu nimewakuta, wawili walikua wameshikiliwa na mwenzangu kwa muda, akanirudishia na daftari lao.

Nampa mzee nyota 4 na sio 5 kwa sababu ya baba. Sheria inampa mwanaume angalau siku 3 za malipo mtoto akizaliwa, azichukue ndani ya siku 7. Angalau, maana yake mwajiri haruhusiwi kushuka ila kuongeza anaruhusiwa. Mwenzetu wa mauzo mke wake kajifungua kwa upasuaji, siku ya nne kijana yuko mezani macho mekundu anajibu simu za wateja na mama wa watu kule hawezi hata kuinuka kitandani. Ofisi yetu bado iko kwenye siku tatu. Na mi naamini kabisa, mpaka wanaume nao wapewe wiki mbili tatu na wazichukue, kila binti akiingia kwenye intavyuu watu wataendelea kupiga hesabu ya tumbo lake wakati kijana wa pembeni anaulizwa kuhusu vyeti tu. Nimeshalisema hilo kwa mzee, kasema atalifikisha kwa wakurugenzi, nitalifatilia.

Pampu nayo naipa 4, moja nimeitoa kwa ajili ya spea. Ukienda kununua mwambie muuzaji aiwashe hapo hapo, weka kiganja usikie inavyovuta, nunua na viraba viwili vya akiba siku hiyo hiyo. Na waajiri msinunue pampu moja ya ofisi watumie wote, kila mama awe na yake kwa ajili ya usafi, nyie wekeni kitasa na friji.