Uzoefu wangu na Land Cruiser 80 hapa Dar: kuipata isiyo na kutu na kuitunza ibaki hivyo

Wakuu, Land Cruiser 80 unaweza ukainunua na injini mbovu na bado ukalala usingizi, ila ukinunua yenye bodi iliyooza hela yako umeitupa. Injini ya 1HZ imejaa nchi hii, ni ile ile iko kwenye hard top za polisi, ambulance na gari za watalii kule Arusha, fundi anayeifahamu utampata mpaka Mpanda na spea unachagua mwenyewe uchukue original au ya Mchina. Bodi sasa! Toyota waliitoa 80 mwaka 1990 na 1998 ikaingia Land Cruiser 100, kwa hiyo hata ile changa kabisa utakayokutana nayo imeshakula miaka, na bati lake likishaliwa fundi wa Gerezani atakukatia kipande na kuchomelea vizuri tu, ila mvua mbili tatu zikipita unaona rangi imeanza kuvimba tena pale pale.

Yangu ni HZJ80, 1HZ isiyo na turbo, gia za mkono, nyeupe. Ilikuwa gari ya mradi, zile za namba DFP, baadae ikauzwa kwenye mnada akaichukua mzee mmoja mstaafu wa Dodoma, kazi yake ikawa shamba na kanisani. Nimeitafuta muda mrefu kuliko nilivyotegemea, na karibu zote nilizozikataa njiani zilikuwa na injini safi kabisa.

Kinachochosha kwenye matangazo ya madalali ni kwamba yote yanaongelea juu. Full kipupwe, haidai hata mia, mwenyewe anasafiri, maongezi yapo. Mimi swali langu la kwanza lilikuwa moja tu, hii gari imelala wapi miaka yote hii? Dalali anacheka anadhani nauliza kama ni ya wizi. Iliyolala Mbezi Beach, Kigamboni, Tanga mjini au Zanzibar mimi hata nauli ya kwenda kuiangalia sitoi, hata ingekuwa namba D (herufi ya kwenye pleti ya usajili, A ndio za zamani zaidi) na imepigwa polishi. Upepo wa bahari unakuja na chumvi, inajificha kwenye mikunjo ya bati, na chumvi inavuta unyevu hewani yani hata kiangazi hakuna mvua bati linashinda limelowa usiku kucha. Dodoma, Singida, Shinyanga mvua ni msimu mmoja na hewa kavu, gari namba A ya huko inaweza kuiaibisha namba D ya pwani. Na hapa wengi tunachanganya, ile herufi inakuambia gari ilisajiliwa lini hapa nchini basi, haisemi imetengenezwa lini wala imezunguka wapi. Angalizo dogo kwa za Arusha, zikiwa zimefanya utalii sana upande wa Natron chungulia chini vizuri, vumbi la magadi nalo sio rafiki wa chuma.

Kuna watakaosema agiza Japani. Sawa, lakini Japani nako kutu ipo. Hokkaido na ile mikoa ya theluji wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, unaletewa picha gari inang'aa, ikifika unalala chini ya gari unatamani kulia. Ukipewa karatasi ya mnada usiishie kwenye daraja la gari, angalia herufi kwenye ule mchoro, S ni kutu na C ni kutu iliyokwisha kula bati, na namba inayofuata herufi ikipanda ujue hali ni mbaya zaidi. Yale maelezo ya mkaguzi tafuta anayesoma Kijapani akusomee yote, kutu ya chini mara nyingi imeandikwa huko huko. Alafu dizeli zenyewe zimepungua, sheria yao ya moshi iliyoanza kubana 2002 ilizifukuza dizeli za zamani kwenye miji kama Tokyo, Osaka na Nagoya, nyingi zikauzwa nje. Sasa hivi na Wamarekani wameingia sokoni, kwao gari ikifikisha miaka 25 wanaruhusiwa kuiingiza hata kama haikuwahi kuuzwa kule, na 80 ya dizeli hawakuwahi kuuziwa, kwa hiyo ikitokea safi unashindana na mtu mwenye dola. Hapo bado ushuru wa ziada wa gari iliyozidi miaka 10 unakusubiri bandarini. Wakenya wao hawana hata huo mjadala, mwisho wa kuingiza ni miaka 8, kwa hiyo 80 zao ni zile zile zilizomo ndani na mwenye ya Nakuru iliyotunzwa haiachii kirahisi.

Ukienda kukagua beba sumaku, tochi, bisibisi na vaa nguo za kuchafuka. Sumaku funga kitambaa isichubue rangi, pitisha nyuma ya matairi ya nyuma na chini ya milango pale unapokanyaga kupanda, isiposhika ujue kuna puti imezibia bati lililoliwa. Mlango wa nyuma wa 80 nyingi umegawanyika wa juu na wa chini, fungua yote miwili upapase ukingo wa chini kwa vidole, maji yanakaa pale. Chini ya mpira wa kioo cha mbele ndio ugonjwa mkubwa wa hii gari, rangi ikiwa imevimba hata kidogo pembeni ya mpira jua ndani kumeliwa zaidi ya unavyoona. Mifereji ya paa nayo, hasa waliofunga keria. Kama ina sanruf uliza vile vipira vinavyoshusha maji kwenye nguzo kama vinapitisha, vikiziba maji yanamwagika ndani hadi kwenye kapeti ya miguuni. Kapeti lazima ifunuliwe. Mimi kwa mzee wa Dodoma nilimpa shikamoo, nikamuomba ruhusa nikafunua ya nyuma yote, akanitazama wee akaniuliza, kijana wangu unanunua gari au unanunua kapeti? Chini yake kulikuwa na vumbi jekundu na punje za mahindi, bati lina rangi ya kiwandani. Nikaacha kuomba kupunguziwa bei hapo hapo.

Kwenye chesisi gonga gonga na mpini wa bisibisi, sauti inatakiwa ilie kavu, ikiwa nzito au maganda yanadondoka acha. Pale nyuma kwenye tairi ya akiba na vishikio vya bodi ndio pa kumaliza muda. Namba ya chesisi imegongwa kwenye reli ya kulia mbele karibu na tairi, isafishe uisome uilinganishe na kadi, ikiwa imeliwa na kutu haisomeki mambo ya ukaguzi yatakusumbua. Na ukikuta chini kumepakwa lami nyeusi mbichi inanukia, muulize kwanini kapaka wiki hii.

Tuje kwenye kuitunza, maana niliileta Dar, joto na chumvi vinaisubiri. Hapa kila mtu ana dini yake. Wazee wengi wanapuliza oil chafu imechanganywa na dizeli, na sikatai, chuma chenye mafuta hakishiki kutu haraka. Shida yake ni bushi na mipira ya chini, mafuta yanazilainisha mpaka zinavimba, na ile oil imeshatumika ndani ya injini ina asidi zake, alafu inadondoka chini uani kwa watu. Lami nyeusi mimi siipendi kabisa kwenye gari ya zamani, ikikauka inapasuka, maji yanaingia nyuma yake hayatoki, kutu inakula huku wewe unaona pako vizuri.

Ninachofanya mimi ni mafuta yenye lanolini, yanatoka kwenye sufu ya kondoo, hayakauki moja kwa moja kwa hiyo hayapasuki. Huku sio rahisi kuyapata, naagiza kwa watu wanaosafiri na bei yake inauma. Napuliza kabla ya masika, chini kote na ndani ya milango na ndani ya chesisi kwa mpira mrefu kupitia matundu yake. Siku za mwanzo gari inanuka zizi la kondoo, mke wangu anapanda bodaboda. Kabla ya kupuliza gari lazima ioshwe chini na maji baridi ya presha na ikauke kweli, hata siku mbili juani, ukipuliza juu ya tope umefungia unyevu ndani. Maji ya kisima ya Dar mengine yana chumvi, yaonje kwanza, nipo serious, kuna sehemu nyingi za kuoshea magari wanakuoshea gari na chumvi bila kujua.

Kikubwa kuliko mafuta yote ni matundu ya kutolea maji chini ya milango. Hayagharimu kitu. Waya mwembamba tu unazibua tope na majani, maji yakitoka mlango unapona. Kidoa kikitokea nakwangua hadi chuma cheupe, praima ya zinki, ndio rangi, siku hiyo hiyo. Na turubai la kufunikia gari nilishaliacha, Dar linafungia jasho, bora kivuli cha bati upepo upite.

Gari yenyewe kuendesha? Nzito, nguvu ni farasi kama 130 tu kwa gari ya tani mbili na zaidi, mlima wa Kitonga malori mengine yanakupumulia nyuma. Springi za koili nne na eksili za chuma mbele na nyuma, barabara mbovu inapita unakunywa chai. Dizeli inakunywa ila haibagui vituo. Ukitaka mwendo tafuta ya turbo, ila turbo za mwanzo mwanzo kabla ya 1995 fuatilia kama beringi za konekting rodi ndani ya injini zilishabadilishwa, zina historia mbaya.

Ningeinunua tena? Ndio, ya bara tu. Kwa sasa kitu pekee kinachonisumbua ni mlango wa nyuma wa chini, umeanza kuvimba kwenye kona ya kushoto kwa ndani na sitaki kuchomelewa. Mwenye nao mzima, gari iliyokatwa spea Dodoma, Singida, Tabora huko, rangi yoyote, aseme bei. Wa Tanga asijisumbue, na nitakuja na sumaku.