Albamu tano za Metallica zinazolaumiwa: ipi ununue, ipi uiache dukani

Anayeanza kukusanya albamu za Metallica, bendi ya hevi metali ya Marekani, hahitaji ushauri kuhusu Master of Puppets ya 1986 wala ile nyeusi ya 1991, yenye jina la bendi yenyewe. Hizo ananunua tu. Kazi inaanza akishazimaliza, akajikuta ameshika St. Anger mkononi na kila anayemuuliza ana jibu lake. Mmoja anasema ni kelele tupu. Mwingine anaapa kwamba ndiyo albamu iliyomvusha mwaka mgumu kuliko yote maishani mwake. Wote wawili wameisikiliza, wote wana hoja, na pesa ni yako.

Nimebishana juu ya albamu hizi tangu nikiwa sekondari, na nilichojifunza ni kwamba lawama hazilingani uzito. Kuna albamu yenye nyimbo nzuri iliyoharibiwa sauti, na kuna yenye sauti safi iliyopungukiwa nyimbo. Ya kwanza inanunulika, kwa sababu sikio huzoea. Ya pili hata ukiitafutia spika za bei mbaya haitapona. Kwa kipimo hicho nimezipanga tano zinazolaumiwa zaidi.

1. Death Magnetic (2008)

Baada ya St. Anger bendi iliachana na Bob Rock, prodyuza aliyekuwa nao tangu albamu nyeusi, ikamchukua Rick Rubin. Yeye aliwataka warudie moyo waliokuwa nao miaka ya 80, na unausikia. Solo za Kirk Hammett, yaani sehemu ambapo gitaa lake linapiga peke yake mbele, zimerudi, tena kwa wingi. The Day That Never Comes inaanza taratibu kama mtu anayetafuta pa kuanzia kusema, halafu inapanda mpaka magitaa yanakimbizana. All Nightmare Long haikupi nafasi ya kuvuta pumzi. Kwa nyimbo peke yake hii isingekuwa kwenye orodha ya lawama hata kidogo.

Kilichoiponza ni sauti. Nilipoinunua niliiweka, nikaongeza sauti, spika zikaanza kukwaruza kila ngoma kubwa ilipopigwa. Nikajua nimeziunguza. Nikazibeba hadi kwa fundi wa redio mtaani kwetu, mzee mmoja mtaratibu. Akazifungua, akagusa koni kwa kidole, akaziunganisha na mashine yake, akaweka kanda ya rumba. Zikatoa sauti safi kama maji. Akaniomba ile diski yangu, akaisikiliza kama nusu dakika, akaizima.

“Mdogo wangu,” akasema, “spika zako nzima. Mgonjwa ni huyu.”

Alikuwa sahihi, na mashabiki dunia nzima walikuwa wanalalamikia jambo hilohilo. Sauti inapoandaliwa kwa ajili ya diski, fundi anaweza kuibana ili sehemu za chini zipande zikaribie za juu. Ukibana kidogo, wimbo unapata nguvu. Ukipitiliza, vilele vya mawimbi vinakatika kama nyasi chini ya fyekeo, na palipokatwa ndipo unaposikia mkwaruzo. Siri ilifichuka kwa sababu nyimbo hizo zilitoka pia kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero III, na humo hazikubanwa kiasi hicho. Watu wakalinganisha, wakakasirika, na zaidi ya 10,000 wakatia saini ombi la kutaka albamu ichanganywe upya. Ted Jensen, aliyefanya hatua ya mwisho ya kuandaa sauti, aliandika kwamba kazi ilimfikia ikiwa tayari imeshabanwa, na kwamba hakujivunia kuhusishwa nayo.

Kwa hiyo usilipe zaidi kwa ajili ya santuri ukidhani umeukwepa mkwaruzo. Uliingia kabla ya kazi kufika kwenye diski yoyote. Nunua CD ya kawaida, hata ya mtumba, uisikilize kwa sauti ya chini kidogo kuliko ulivyozoea, kwenye spika badala ya hedifoni. Mkwaruzo utabaki, ila hautakuudhi, na nyimbo zitakufikia.

2. Load (1996)

Lawama nyingi za Load hazikuhusu muziki. Walikata nywele, wakapaka wanja kwenye picha, wakabadilisha maandishi ya jina la bendi, wakaweka kwenye kava picha ya Andres Serrano iliyotengenezwa kwa damu na manii. Shabiki aliyekuwa amewazoea na fulana nyeusi na jinzi zilizochanika alijiona amesalitiwa kabla hajabonyeza chochote. Wengi waliihukumu siku hiyo na hawajarudi kuikatia rufaa.

Mimi naiona ni albamu ya watu wazima. Mwendo ni wa polepole, magitaa yana bluzi ndani yake, na James Hetfield anaimba badala ya kubweka. Bleeding Me inachukua zaidi ya dakika 8 na sioni pa kupunguza. Mama Said inamhusu mama yake, aliyefariki kwa saratani James akiwa bado kijana mdogo. Ina mwendo wa kantri, jambo ambalo baadhi ya mashabiki hawajalisamehe hadi leo. Kwangu ndio wimbo ninaomwekea mtu anayeniambia kwamba hevi metali haina huruma.

Udhaifu wake wa kweli ni wingi. Nyimbo 14, dakika 78 na sekunde 59, yaani diski imejazwa hadi ukingoni. The Outlaw Torn, ambao ni wimbo bora, ilibidi ukatwe ili uenee, wakati kuna nyimbo tatu nne ambazo zingeachwa nje bila mtu kuzikumbuka. Wimbo mzima bila kukatwa ulitoka 1997 kwenye singo ya The Memory Remains. Ukiikuta kwa bei ya kawaida, ichukue. Toleo lililosafishwa upya mwaka 2025 lipo, lakini CD ya 1996 ina sauti nzuri inayokutosha kabisa.

3. St. Anger (2003), kwa sharti moja

Hapa ndipo ugomvi ulipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Hoja ya kwanza ya wanaoichukia ni ngoma. Ile ngoma ndogo inayopigwa katikati, snea, ina nyaya nyembamba zinazogusa ngozi ya chini. Nyaya hizo ndizo zinazoipa ule mlio mkavu unaokatika. Lars Ulrich aliziachia zisiguse, ngozi ikabaki inalia peke yake: kong, kong, kong, kama mtu anayegonga debe bafuni. Dakika moja ya Frantic, wimbo wa kwanza, inatosha kukuonyesha.

Hoja ya pili ni solo. Hakuna hata moja. Kwetu sisi tuliokulia kwenye dansi na rumba hili ni rahisi kulieleza: ni kama wimbo wa Kikongo unaokwisha mara tu mashairi yanapokwisha, sebene haijaingia. Mwili ulishajiandaa kuinuka, halafu kimya. Mpiga solo kama Hammett kukaa albamu nzima bila kupewa nafasi ni hasara, na siwalaumu wanaolia.

Wanaoipenda wanajibu kwa historia. Jason Newsted, mpiga besi, aliondoka Januari 2001. Miezi michache baadaye Hetfield akaenda kutibiwa ulevi, kazi ikasimama. Aliporudi aliruhusiwa kufanya kazi kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi jioni tu. Ndani ya chumba alikuwapo pia Phil Towle, mtaalamu wa ushauri aliyelipwa dola 40,000 kwa mwezi ili kuwapatanisha. Besi ikapigwa na prodyuza Bob Rock mwenyewe, kwa sababu Robert Trujillo aliajiriwa Februari 2003, albamu ikiwa imekwisharekodiwa. Yote hayo yanaonekana kwenye filamu yao ya 2004. Hasira inayosikika humu haikuigizwa, na mtu aliyewahi kupambana na chupa au na ndugu zake huisikia mara moja.

Nakubaliana na pande zote mbili, lakini naona zote zinapita pembeni ya kosa kubwa. Debe unalizoea ukifika wimbo wa nne. Kukosa solo unakuzoea pia. Usichokizoea ni urefu. Nyimbo 11 kwa dakika 75, na karibu kila mmoja umezidi kwa dakika mbili au tatu. Some Kind of Monster ina gitaa zito la kutikisa dirisha, lakini linarudiwa mpaka uzito wote unaisha. Hapakuwa na mtu wa kusema “hapa pametosha,” na naamini ni kwa sababu kila mmoja alikuwa anaogopa kumuudhi mwenzake tena.

Nyimbo zenyewe zimo. Mwaka 2019 bendi ilipiga All Within My Hands kwa magitaa makavu pamoja na okestra ya San Francisco, na wimbo uleule ambao kwenye albamu unapigiwa kelele hadi mwisho ukageuka kuwa kitu cha kukutoa machozi. Na 2015 mashabiki wenyewe walikaa wakairekodi upya albamu nzima, na snea yenye nyaya zake. Mtu hahangaikii hivyo kitu kisicho na thamani.

Sharti langu ni hili: nunua yenye DVD. CD ya 2003 ilitoka na DVD inayowaonyesha wakifanya mazoezi ya nyimbo zote 11 wakiwa na Trujillo. Chumba kimoja, watu wanne wanatazamana, besi inasikika kama besi, na nyimbo zina pumzi ambazo albamu haina. Kwangu DVD hiyo ndiyo albamu, na CD ni nyongeza.

Mimi nilinunua ya kwanza mtumbani, kava zuri, kijitabu kipo, nikalipa bila kufungua. Nyumbani nikakuta CD peke yake, na kile kitako cha pili kitupu. Niliporudi muuzaji aliniambia kilichouzwa ni hicho nilichokiona. Kwa hiyo fungua kava kabla hujatoa pesa, hesabu diski mbili, na geuza DVD kwenye mwanga uangalie mikwaruzo. Haina DVD? Irudishe rafuni, ukasikilize kwa simu.

4. Reload (1997)

Nyimbo zake zilianza kutengenezwa pamoja na za Load, na wazo la mwanzo lilikuwa zitoke kama albamu moja ya diski mbili. Unaona kabisa zipi zilichaguliwa kwanza. Fuel ni moto, The Memory Remains ina sauti ya mwimbaji Marianne Faithfull iliyochakaa kwa namna ya kupendeza, na Fixxxer inafunga vizuri. Katikati pamepoa mno. Sauti ni safi, nyimbo ndizo zimepungua. Inunue ukiikuta kwa bei ya kutupa, si vinginevyo.

5. Lulu (2011)

Hii walifanya na mwanamuziki wa roki Lou Reed, kutokana na tamthilia za Mjerumani Frank Wedekind. Diski mbili, nyimbo 10, dakika 87, Reed anaongea zaidi kuliko kuimba huku bendi inanguruma nyuma yake kana kwamba wako vyumba viwili tofauti. Hetfield kuimba na kurudia kwamba yeye ni meza kumewashinda wengi. Laurie Anderson, mke wa Reed, alisimulia 2015 kwamba mwanamuziki David Bowie alimwambia hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote za Reed, na simdharau Bowie. Ila usiinunue kwa kubahatisha. Sikiliza kwanza Junior Dad, zaidi ya dakika 19, usiku, simu ikiwa mbali. Ukifika mwisho bila kuizima, chukua diski zote mbili. Ukiizima, pesa hiyo kanunulie Load.