TAHADHARI: fundi wa "kuokoa data" hapa Mtwara Mjini ameniliza

Watu wa Mtwara, nimeingizwa mjini, na mji wenyewe ndio niliozaliwa. Nimekaa na jambo hili wiki mbili kwa aibu, nikimdanganya hata mke wangu kwamba eksteno, diski yangu ya nje ya kuhifadhia video, iko Dar inashughulikiwa. Leo nalitoa. Chekeni, mkimaliza msome.

Ndani yake kulikuwa na video za harusi ya Chuno niliyoirekodi. Bi harusi kafiwa na baba yake. Sauti ya yule mzee akimwombea dua binti yake ilikuwa kwenye eksteno ile tu, kwingine haipo, na msiniulize kwa nini sikuwa na kopi ya pili. Nimeshajiuliza vya kutosha.

Ilianza kusuasua. Ukiichomeka, dakika nne nzima ndipo folda zitokee, halafu inalia tik, tik, tik kama saa ya ukutani. Nikaambiwa kuna kijana ana meza ya kioo karibu na Soko Kuu, anaokoa data. Jumatatu asubuhi nikawa wa kwanza pale.

Mnataka kujua kwa nini nilimwamini? Alivaa glovu. Glovu nyeupe, kama uko wodini Ligula. Akaipokea eksteno kwa mikono miwili kama anapokea kichanga, akaiweka sikioni, akafumba macho. "Kaka, mgonjwa wako yuko hoi, ila hajafa." Nikatoa pochi, akanizuia. "Hela baadaye, kaka, tumwangalie kwanza mgonjwa." Jamani, fundi gani wa mji huu anakataa hela? Tena alinisalimia Kimakonde, akaniuliza mama ni wa wapi, nikasema Tandahimba, akasema na yeye wa huko huko. Nikaona nimefika kwa ndugu.

Akaichomeka kwenye laptopu yake, akafungua programu, mstari wa kijani ukaanza kutembea. Tukakaa. Akaniagizia kahawa na kashata, akalipa mwenyewe. Ikapita kama saa moja na nusu, majina yakaanza kushuka: HARUSI CHUNO SIKU 1. HARUSI CHUNO SIKU 2. KUTOKA WALI NANYAMBA. Nilipoona lile la Nanyamba, sherehe ya wali kutoka jandoni au unyagoni, nikamshika bega, nikamwita mdogo wangu. Mtu mzima mimi, nusura nilie mbele ya wauza mitumba.

Hapo ndipo akashusha pumzi. "Zote zipo, kaka. Ila hedi, kile kisomeo cha ndani ya diski, imekufa, bila hedi hazitoki. Mpaka tuiagize Kariakoo." Laki na themanini. Nikatuma pale pale, na ya kutolea. Keshokutwa yake laki na nusu nyingine, ya kulipia programu. Nikatuma, na ya kutolea. Baada ya hapo danadana: basi limechelewa, mzigo umeshushwa Lindi kimakosa, umeme umekatika. Akanirushia picha ya risiti ya mzigo. Tarehe ilikuwa ya mwezi uliopita, niliiona kwa macho yangu haya, nikajisemea karani kakosea. Karani!

Siku ya kunikabidhi akainamisha kichwa. "Pole, kaka. Mgonjwa kapona, ila kumbukumbu zimepotea." Kava ni lile lile, mkwaruzo wangu wa kona upo. Nikasema haya, ndiyo riziki. Nikamshukuru. Nikampa mkono kabisa.

Kufika nyumbani naichomeka, ikafunguka papo hapo, kimya, haina tik hata moja. Tupu. Nikaangalia ukubwa: gigabaiti 465. Ya kwangu ni terabaiti 1, siku zote kompyuta inaniandikia 931. Hiyo 465 ndivyo kompyuta inavyoandika diski inayouzwa kama ya gigabaiti 500. Kava langu, tumbo la mwingine! Nikageuza nyuma, skrubu zote vichwa vimelika.

Nilivyorudi sokoni, meza haipo. Muuza chaja wa pembeni anasema kijana alibeba vitu vyake usiku. Simu yake inaita mpaka inakata.

Huyu ni wa kulala ndani. Alale na mbu, avuliwe na zile glovu zake. RB ya polisi, namba ya ripoti yangu, ninayo mkononi. Bibi yangu kule Mikindani anataka asomewe halbadiri, nimemwambia asubiri kwanza nimalizane na polisi, lakini kila siku wasiponipigia naona kama bibi ana hoja. Na wewe uliyeniambia "nenda kwa yule dogo, ni mkali", unajijua, tutaonana.

Dalili? Nazitaja haraka maana hasira zinapanda. Mwalimu mmoja wa kompyuta aliniuliza swali moja tu: kama hedi ilikufa, yale majina aliyasoma kwa kitu gani? Nikakosa jibu. Kumbe zipo programu zinazoonyesha majina bure, kuzitoa faili ndiyo unalipia. Na jina si faili, mwambie afungue video uitazame mpaka katikati. Halafu diski inayolia hivyo hainyongwi saa moja na nusu inatafutwa majina. Unaichomoa, na mwenye kujua anainakili yote kwanza kwenye diski nyingine isiyo mbovu, kisha anahangaika na ile nakala. Mimi mwenyewe niliichomekachomeka siku tatu kabla ya kwenda kwake, hilo nakubali. Na siriali namba ya diski ya ndani muwe nayo. Askari aliniuliza hiyo namba, nikabaki namtazama.

Na wewe kijana, najua utaliona hili, maana uliniambia unafuatilia kazi zangu. Laki tatu na thelathini kula. Niletee ile diski inayolia. Mpe bodaboda, muuza chaja, yeyote, hata iwe saa nane za usiku. Nitaipokea na sitauliza kitu.