Uzoefu wangu na DAX kwenye XFS: mount inakubali, dmesg inakataa

Niseme mapema kabisa nimekasirika, na hasira yangu sijui niipeleke kwa DAX, kwa XFS (mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski za Linux) au kwa yule jamaa aliyetuuzia seva, kwa hiyo mkiona nachanganya mtanivumilia.

Kwa wasiojua, habari yenyewe iko hivi. Una memori ya kudumu, zile Optane za Intel zinazochomekwa kwenye sloti za RAM, umeme ukikatika data inabaki. Sasa kerneli, yaani kiini cha Linux, ikiichukulia kama diski ya kawaida inanakili kila faili kwanza kwenda kwenye RAM ndio programu iisome, yaani unatoa kitu kwenye memori unakiweka kwenye memori, kazi ya bure kabisa. DAX inaondoa hiyo safari, programu ikifanya mmap (kuliona faili kama sehemu ya memori yake) inagusa memori yenyewe, haipiti kwenye kashe ya kerneli. Wazo hili nalipenda mpaka leo na sitaki mtu aniambie ni baya. Na sio kitu cha jana, imeingia kwenye Linux na toleo la 4.0 mwaka 2015.

Intel walishatangaza 2022 kwamba Optane ndio basi tena, kwa hiyo sisi tulizipata kwenye seva ya mtumba. Muuzaji simtaji. Alituhakikishia kila kitu tayari, ameshafomati XFS, ameshaweka dax=always kwenye fstab (faili linaloiambia Linux imaunti, yaani iunganishe, diski zipi na kwa namna gani), nyie washeni tu mchape kazi. Tukawasha, ikamaunti, hakuna kosa hata moja kwenye skrini, tukahamishia pale mfumo wa mauzo wa mteja wetu.

Wiki zikapita. Kilichonishtua ni amri ya free, ile inayoonyesha RAM inatumikaje. Ile safu ya buff/cache, yaani kashe ya kerneli kwenye RAM, inapanda, kila tukisoma yale mafaili makubwa ya index inapanda tu, na kwa DAX mafaili hayo hayatakiwi kuonekana pale kabisa, si ndio sababu ya kununua hizi memori! Nikamwambia kijana wetu aandike kiprogramu kifupi, afungue faili aombe mmap yenye MAP_SYNC, ile ambayo kerneli ikikubali maana yake ukishaandika na kuisukuma data itoke kwenye kashe ya prosesa basi imeshafika, huhitaji tena kuita fsync, ile ya kuilazimisha kerneli ihifadhi data. Jibu likarudi EOPNOTSUPP. Imekataliwa.

Nikafungua dmesg, yaani logi ya kerneli. Jamani! Mstari wa kwanza XFS inasema DAX imewashwa, angalizo, ni ya majaribio, tumia kwa hatari yako. Mstari wa chini yake, huo huo unaofuata, inasema kifaa hiki hakikubali DAX kwa hiyo inaizima. Halafu inaendelea kumaunti kama kawaida. Amri ya mount inarudi salama salimini, skripti zako zote zinaona mambo safi, mfumo wa kufuatilia seva unaona kijani, na kile ulichokilipia hakipo.

Hapa ndipo siwezi kusamehe. Ext4, mfumo mwingine wa faili, ukiiwekea dax=always kwenye kifaa kisichokubali inagoma kumaunti, unajua hapo hapo, unatafuta tatizo. Na XFS yenyewe sio kwamba haijui kugoma, kwenye kerneli yetu ya 5.10 ukiweka dax=always kwenye XFS iliyofomatiwa na reflink (uwezo wa mafaili kuchangia data ile ile) inakukatalia waziwazi. Sasa kwa nini kwenye jambo kubwa kuliko yote inaamua kunong'ona kwenye logi? Bahati yetu programu yetu ilikuwa bado inaita msync, ndugu yake fsync kwa mafaili ya mmap. Mtu mwingine angeamini kile alichoandika kwenye fstab, akaacha msync, data inakaa kwenye RAM ya kawaida yeye anajua iko kwenye Optane, halafu umeme unakatika. Hapo utamwambia nini mteja?

Chanzo tulikipata kwa ndctl list, amri inayoorodhesha vipande vya memori ya kudumu. Kile kipande cha memori kilikuwa kimetengenezwa kwa modi ya sector badala ya fsdax, ile inayoruhusu DAX. Hata jina la kifaa lilikuwa linasema, /dev/pmem0s, ile s ya mwisho ndio yenyewe. Modi hiyo inapitisha kila sekta kwenye jedwali ili umeme ukikatika katikati ya kuandika sekta isibaki nusu, nzuri kwa kazi yake sikatai, ila ukishaweka jedwali katikati DAX haipo tena.

Nikampigia muuzaji, kwa heshima kabisa, kaka habari za kazi, kile kipande kimewekwa modi sio. Anajibu "bosi ingekuwa haikubali isingemaunti, kama Linux huijui tafuta fundi anayejua." Nikamtumia picha ya dmesg. Akaiona, tiki za bluu zile pale, kimya mpaka leo.

Tukahamisha data yote usiku, maana ukibadilisha modi kilichomo ndani kinapotea, tukatengeneza upya kwa fsdax, tukafomati na reflink=0, tukamaunti. Dmesg safari hii ule mstari wa kwanza peke yake. MAP_SYNC ikakubali. Nikaendesha index yote huku nimekodolea free macho na buff/cache imetulia kabisa, haitikisiki, na zile ripoti za asubuhi ambazo mteja alikuwa anazilalamikia zinatoka mara moja tu seva ikiwaka, hakuna kusubiri kashe ijae kwanza. Nilifurahi jamani, nilimwita na kijana aje aone.

Kwa hiyo nilikuja hapa kuweka nyota moja na sasa naona nitakuwa sijaitendea haki. DAX yenyewe ikiwaka kweli inastahili nne, hata tano. Ila nikikumbuka zile wiki zote tunadhani tunayo, na mstari ule mmoja wa dmesg, hapana, naweka tatu. Na wewe unayetaka kununua seva za aina hii usikubali kuonyeshwa fstab, mwambie muuzaji akufungulie ndctl list na dmesg mbele yako kabla hujatoa hela. Muuzaji wetu simpi hata nusu, na ile seva ya pili tuliyokuwa tumepanga kuchukua kwake tumeshaghairi.