Wakili wa ujenzi na mazingira hapa Lubumbashi: tathmini ya mteja

Kwa miezi minne nimekuwa mteja wa wakili mmoja wa hapa Lubumbashi ambaye ameiweka kazi yake yote katika mikataba ya ujenzi na hatari za mazingira. Jina lake silitaji kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Ninaandika kwa ajili ya wale wanaotaka kuchimba msingi kabla ya mvua za Novemba, kwa sababu huduma ya aina hii wengi wetu huitafuta ukuta ukiwa umeshapasuka.

Hivyo ndivyo ilivyotupata sisi. Nyumba yetu ya kwanza, huko Katuba, ilijengwa mahali palipokuwa na kichuguu kilichosawazishwa. Kila mtu hapa anavijua vichuguu vya Katanga, virefu kuliko nyumba, ambavyo udongo wake wa mfinyanzi ndio tunaofyatulia matofali. Nusu ya nyumba ilikalia udongo huo na nusu ikakalia ardhi ya kawaida, na katika msimu wa pili wa mvua ukuta wa sebule ulipasuka kutoka dirishani hadi sakafuni, ufa wa kupitisha kidole. Mjenzi alinionyesha karatasi niliyoitia sahihi, yenye sentensi isemayo kwamba madhara yote ya udongo ni juu ya mwenye kiwanja. Nilinyamaza, nikalipia ukarabati.

Nilipomletea Maître, kama tunavyomwita wakili huyu, karatasi hiyo, aliisoma polepole, kisha kalamu yake ikasimama kwenye sentensi ileile. "Papa, nani alikuambia kwamba hili halina jibu?" aliniuliza. Akanieleza kwamba sheria ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo bado tunaitumia, humfanya mjenzi na msanifu wawajibike kwa miaka 10 pale jengo lililojengwa kwa bei moja iliyokubaliwa linapoharibika, lote au sehemu yake, kwa kasoro ya ujenzi au hata kwa kasoro ya udongo. Udongo, ambao nilidhani ni mzigo wangu peke yangu, umetajwa waziwazi ndani ya sheria. Hata hivyo hakunipa matumaini ya bure kuhusu Katuba: ukarabati ulikuwa umefuta ushahidi, hatukuwa na picha wala ripoti ya mtaalamu, na hatukuwahi kumwandikia mjenzi barua rasmi ya madai. Kunyamaza kwangu ndiko kulikonigharimu kuliko ile sentensi.

Ujuzi huu hakuupata darasani tu. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akala kiapo mbele ya Mahakama ya Rufaa, akamaliza miaka 2 ya mafunzo ya uwakili, kisha akaenda upande wa Kolwezi kufanya kazi katika idara ya mikataba na bima ya mkandarasi wa migodi. Anasema ni huko alikoona kwamba kesi ya ujenzi huamuliwa na daftari la kazi za kila siku kuliko hotuba yoyote ya mahakamani. Ndiyo maana hakukubali kuusoma mkataba wetu mpya, wa nyumba ya pili, kabla hajakiona kiwanja.

Kiwanja hicho kiko upande wa Penga-Penga, ambako upepo wa kusini-mashariki ulipeleka moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba kwa miongo mingi kuanzia mwaka 1911. Maître alivaa buti, akachuchumaa kando ya shimo tulilochimba kwa majaribio, akaokota vipande vyeusi vinavyong'aa kama kioo: mabaki ya uyeyushaji, yaliyoletwa na mtu fulani zamani ili kujaza bonde. Aliviweka katika mfuko wa plastiki, akaandika tarehe na kina cha shimo, akashauri udongo upimwe sumu za risasi (ile metali), kadimiamu na aseniki kabla hatujalima bustani. Mke wangu alikuwa ameshanunua mbegu za lengalenga, yaani mchicha.

Kuhusu haki zetu alisema kwa uangalifu. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inatambua kwamba mchafuaji ndiye alipe, na sheria ya migodi iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 humwajibisha mwenye haki ya mgodi kwa madhara ya shughuli zake hata asipokuwa na kosa. Lakini uchafu uliokusanyika kwa karne nzima, alisema, hauna mlango mmoja wa kubisha hodi. Kwa hiyo alielekeza nguvu mahali tulipokuwa bado na uwezo: muuzaji alikubali kwa maandishi kungoja majibu ya vipimo kabla ya malipo ya pili, na mkataba wa ujenzi ukaeleza ni nani anayelipia kuondoa udongo mchafu na unapelekwa wapi, ili usije ukamwagwa usiku kando ya mto Kafubu.

Upungufu upo. Ukimtumia ujumbe, hujibu baada ya siku mbili au tatu, jambo linaloumiza wakati mafundi wanangoja. Nyaraka zote huandikwa kwa Kifaransa, na ilinibidi kumwomba aufafanue mkataba kwa Kiswahili mbele ya fundi mkuu, ambaye ndiye hasa alipaswa kuuelewa. Alifanya hivyo kwa subira, lakini ingefaa iwe desturi yake bila kuombwa. Tulilipa dola 250 kwa usomaji wa mkataba na ziara mbili. Maabara ni gharama ya pembeni. Ukarabati wa Katuba ulitugharimu mara sita ya hapo.

Zege la msingi lilimwagwa wiki mbili zilizopita. Tumezuia asilimia 10 ya malipo hadi mapokezi ya mwisho ya kazi, na kila jioni fundi mkuu na mimi tunatia sahihi daftari moja, pamoja na picha za mtaro ambazo nakala zake ziko ofisini kwa Maître.